Pua ya Namba Kumi na Tano

Jumatano, 4 Juni 2025

Kama malaika wanaota nywele, basi Mungu anawatuma kwangu. Hakuna kinyozi mwingine wa kuaminiwa na vichwa vyao. Mimi, Prince, miaka ishirini kasoro miezi mitatu, coiffeur namba moja wa kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale — na wa Mbarara pia, kama Mbarara ingekuwa na akili. Mtu anaingia na kichwa kama kichaka, anatoka na kichwa kama yai. Wasichana wanapita mbele ya saluni mara mbili: mara ya kwanza wanakwenda, mara ya pili wanahakikisha. Shule niliachia kidato cha pili. Nani amewahi kunyolewa na diploma?

Daftari hili linakaa ndani ya mfuko wa mashine, chini ya taulo. Nyumbani haliwezi kukaa. Orpa mdogo wangu anasoma kila kitu chenye herufi, hata gunia la unga.

Ubao wetu hapa Rwekubo umeandikwa PRINCE DE PARIS. Nilichora mwenyewe. Mwenzangu Baudouin akauliza, na jina langu liko wapi? Nikamwambia rangi iliisha. Kioo ni chake. Kiti ni chake. Ndiye aliyenifundisha kushika mashine mwaka tulipofika kutoka Fizi, Kongo. Lakini kweli, nani atakuja kunyolewa kwa Baudouin? Jina la mtu aliyezaliwa na koti.

Keshokutwa Idd. Kesho tutachoka!

Kidole gumba cha kushoto kinawasha. Kipele tu.

Alhamisi, 5 Juni

Vichwa thelathini na kimoja! Baudouin kumi na vinane tu. Kila akimaliza mtu mmoja anapangusa mashine kwa spiriti, taratibu, kama nesi. Nikamtania mbele ya wateja: mpaka umalize kuosha hiyo mashine Waislamu watakuwa wameshafunga tena Ramadhani. Wakacheka sana. Yeye hakukasirika. Hakasiriki huyu mtu, ndiyo shida yake. Akasema, akiniita mdogo kwa Kifaransa kama kawaida yake: "We cheka tu, petit. Kichwa ya mutu haiko muhogo."

Kipele kimekuwa jipu. Na kidole gumba cha kushoto ndicho kinachovuta ngozi ili wembe upite! Nilifanya kazi nacho hivyohivyo, kinapigapiga kama ngoma.

Jioni Mama alifungua kapsuli ya rangi mbili, akamwaga unga juu ya kidonda kama anayetia samaki chumvi. Nyingine mbili nikameza. Ni zile zilizobaki za masikio ya Orpa. Kwetu ndivyo: kidonda unga, kikohozi kapsuli mbili, ukisikia nafuu zilizobaki unamwekea mgonjwa anayefuata. Mama yetu huyu, Marthe, hatupi dawa jalalani. Hatupi hata kifuniko.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimenyoa mteja wa siku saba!

Zahara, binti wa Siraje mwenye duka la vitenge. Ilikuwa akika yake. Mbuzi mmoja nje, pilau, masheikh, na katikati yao mimi, mtoto wa Mpentekoste, nimepewa kiti cha heshima. Siraje akanisimamia kama polisi wa barabarani. "Wewe kijana, wembe iko mupya?" Nikafungua karatasi mbele ya macho ya wote, krrr. Nikamwambia Hajji, mimi na wembe wa zamani hatusalimiani. Watu wakacheka.

Rehemah, mama mtoto, hakucheka. Akauliza, na hiyo kidole iko na nini? Nilikuwa nimefunga plasta. Nikasema nimejikata nikimenya vitunguu, Mama Zahara. Vitunguu! Mimi sijawahi kumenya kitunguu tangu nizaliwe.

Baudouin alishika kichwa cha mtoto. Alikuwa ameosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mimi nikavuta ngozi. Plasta ikateleza. Nikavuta tena, ikateleza tena. Kichwa cha mtoto wa siku saba ni laini kuliko papai, na utosi unapumua, unauona kabisa unapanda na kushuka. Nikaogopa. Nikabandua plasta, nikaitia mfukoni. Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanatazama nywele zisianguke chini, maana kwao zinakusanywa zote.

Hazikuanguka. Na hakuna damu. Tuseme matone matatu.

Rehemah alimbusu mtoto kwenye upara, akaniambia asante mwanangu. Nyama ilikuwa tamu. Nimefunga plasta mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nne sikuandika. Kazi nyingi.

Uongo. Sikutaka.

Zahara ana majipu kichwani. Matatu, halafu sita, halafu wakaacha kuhesabu. Homa, hanyonyi. Walimpa dawa ya maji ya dukani, ileile ambayo kila mtu humpa mtoto, haikufanya kitu. Jana Siraje alifunga duka saa nne asubuhi, siku ya soko! Wakampeleka hospitali kubwa Mbarara. Rehemah alipita mbele ya saluni amembeba. Nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Na si yeye peke yake. Watu watatu niliowanyoa kabla ya Idd wana majipu shingoni. Mmoja alikuja kunionyesha, akicheka, akasema Prince umenipandia maharagwe. Nikacheka pia.

Baudouin ameniuliza mara mbili: "Ile siku, kidole yako ilikuwa na nini?" Nikamwambia kidole chako ndicho kinachonuka spiriti, usinisumbue.

Kimepasuka chenyewe asubuhi. Usaha. Mama akamwaga unga tena.

Kwenye bomba la maji wanasema madaktari wanakuja kupima watu pua. Jirani yetu Mama Eliane anasema: "Mutu mwenye batamukuta na ile mududu, dosie yake ya Kanada inafungwa. Banaandika mu kompyuta, basi, unabakia huku mpaka kufa." Dosie yetu, faili la kuhamia Kanada, imefika interview ya tatu. Mama ameshagawa masufuria yote kwa mdomo: hili la Eliane, hili la kanisa. Orpa anajifunza kutamka majina ya miji ya theluji.

Jumatatu, 16 Juni

Wamekuja. Daktari mwenyewe ni mwanamke, Latifah, wa Mbarara, mdogo wa mwili, viatu vya mvua. Amekaa kwenye kiti chetu — kiti cha Baudouin — akatueleza.

Anasema mdudu anaitwa stafilo-nini, jina refu kuliko yeye. Anakaa puani mwa mtu hata miaka, hamuumi. Halafu siku moja anapata mlango. "Wewe nagusa pua, nagusa kidonda, nagusa mtoto. Yeye napanda hapo kama boda." Anasema hawa wadudu wana familia, kama sisi tulivyo na koo. Kwa macho wote sawa, lakini ukisoma yale maandishi waliyozaliwa nayo ndani, jeni, unajua huyu ni ndugu wa yule na huyu ni mgeni. Na hapa Nakivale anatarajia kukuta familia nyingi mno, kwa sababu watu wametoka kila mahali, na kila mtu alikuja na wake. Wengine dawa zinawaua. Wengine wamezizoea, kwa sababu sisi tunameza mbili na kuacha.

Nikasema: kwa hiyo hata wadudu ni wakimbizi, daktari? Wana interview lini? Akacheka mpaka akashika goti. Mimi hata siku ya hukumu nitachekesha mtu.

Halafu vijiti vya pamba. Unazungusha mwenyewe, tundu hili mara tano, tundu hili mara tano, unatia ndani ya kichupa. Mimi kwenye orodha namba kumi na nne, Baudouin kumi na tano. Daktari alitugawia vibandiko vya namba, mara mtoto wa mtu akaanza kulia mlangoni, daktari akageuka. Baudouin alikuwa anapiga chafya, machozi yanamtoka, akaniachia kichupa chake na kibandiko. "Nibandikie, petit."

Nikabandika.

Baada ya hapo — baada! — Baudouin akapangusa macho akauliza, daktari, ni kweli hii inaenda mu dosie? Daktari akasema hapana kabisa. Ofisi ya dosie haioni hizi karatasi na haitaziona. Mwenye mdudu anapewa mafuta ya kupaka puani na sabuni, basi.

Vichupa vilikuwa bado juu ya meza. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilikuwa nimeutia mfukoni, ule wa kushoto.

Sitaandika zaidi leo.

Ijumaa, 20 Juni

Siraje aliniomba nimsaidie kubeba mkeka na chakula mpaka Mbarara. Mimi! Kati ya vijana wote wa Rwekubo.

Nilikuwa na maneno njia nzima. Nilimwambia habari za mteja aliyelala kwenye kiti akaamka hana ndevu. Hakucheka hata moja. Kilomita nyingi sana hizo.

Zahara yuko kwenye kitanda kikubwa mara kumi yake. Sindano imefungwa mguuni. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, kama hajji mdogo. Rehemah anasema dawa ya kwanza mdudu aliicheka. Ya pili aliicheka. Sasa wanampa ya tatu, kali, ya kudondosha. Kama nayo...

Akanishika mkono. Wa kulia, namshukuru Mungu. Akasema: "Mwanangu, wewe hapana hofu. Mimi niliona wembe mupya. Namwambia kila mutu hapa, wembe ilikuwa mupya."

Nilikwenda nje nikasimama karibu na bomba la kunawia. Pale ukutani kuna picha ya mikono inayooshwa, hatua sita. Hatua ya tano ni kidole gumba. Peke yake! Wamekichorea picha yake.

Jumatano, 9 Julai

Zahara amepona. Dawa ya tatu imemkubali. Jumapili walirudi Rwekubo, Siraje akagawa sukari kwa majirani. Nywele hazioti kwenye fasi nne, mahali palipokuwa na majipu.

Na leo daktari Latifah amerudi na majibu. Alituita mmojammoja nyuma ya saluni, watu wasisikie. Mimi kwanza. Pua sitini na mbili, anasema, familia kumi na tisa! Hajawahi kuona mchanganyiko kama huu kwenye kituo kidogo. Wengine ni wa kawaida, dawa zinawaua. Lakini majipu ya Zahara na majipu ya wale watatu ni familia moja, ile sugu, karibu kabisa, kama watoto wa tumbo moja. Na kati ya pua zote sitini na mbili, familia hiyo imeonekana kwenye moja tu.

"Si wewe," akasema. "Yako iko safi."

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Hata hivyo nikasema, nilijua! Kwa sauti kubwa. Mimi pua yangu ni ya kifalme. Akanitazama. Akauliza mkono una nini. Nikasema vitunguu.

Kisha akamwita Baudouin. Kupitia mabati nilisikia sauti ya daktari, polepole, na Baudouin akirudia tu: "Mimi? Ni mimi?" Akapewa mafuta ya puani na sabuni nyekundu. Akaambiwa apumzike kunyoa mpaka apimwe tena mwezi ujao. Ni siri yako, mtu mwingine asijue.

Alitoka akaketi kwenye benchi. Akatazama mikono yake, hivi na hivi. Akasema: "Petit, nilimushika utosi na hii mikono."

Nikamwambia isikusumbue, mambo hutokea. MAMBO HUTOKEA. Ndivyo nilivyosema.

Alhamisi, 10 Julai

Mjinga amekwenda kusema! Hakuna aliyemlazimisha. Amekwenda dukani kwa Siraje mchana, watu wamejaa, akapiga magoti kati ya vitenge: "Hajji, Mama Zahara, ni mimi. Daktari ameona mu pua yangu. Mikono niliosha, Mungu anajua, lakini ni mimi. Munisamehe."

Orpa alikuwepo, ametumwa uzi. Ndiye aliyenisimulia. Anasema Siraje alisema simama, wewe kijana, simama, lakini kwa kweli sitaki kuona wewe karibu na nyumba yangu. Anasema Rehemah alilia. Anasema mtu mmoja alicheka.

Mama akasema, afadhali si wewe. Akanimwagia unga kidoleni. Kilikuwa kimefunga, sasa kimefumuka tena. Orpa akakitazama kidole. Halafu akanitazama mimi. Ana miaka kumi na miwili huyu mtoto, sijui anasoma nini sasa.

Jumanne, 15 Julai

Baudouin ameondoka. Amepata kazi ya kulima migomba kwa mtu huko Kakiika, karibu na Mbarara. Alikuja asubuhi kuchukua blanketi. Kioo na kiti ameniachia. "Utanilindia, petit." Akapangusa mashine yake kwa spiriti, akaitia kwenye soksi. Akageuka mlangoni akasema samahani kwa jina la saluni, nimeliharibia. Jina la saluni! Jina langu!

Nilitaka kumwita yaya, yaani kaka mkubwa. Sijawahi kumwita hivyo bila utani, na yeye ni mkubwa kwangu miaka minne. Nikasema salimia migomba.

Wateja wamerudi, tena wengi. Wanasema Prince ndiye alitoka safi. Kuna mzee ananiita "Pua Safi". Wiki mbili zilizopita ningechora hilo kwenye ubao.

Leo nimenyoa saba. Najua. Navaa mfuko wa plastiki kidoleni, lakini unateleza.

Yasiin, mdogo wake Siraje, anakaa Kakoba, Mbarara mjini. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume Jumapili. Siraje mwenyewe amenipigia: "Sisi nataka wewe tu. Wewe daktari amepima." Jumamosi, saa nne. Nimekubali. Mdomo wangu ulikubali, mimi nilikuwa bado natafuta sababu.

Jumamosi, 19 Julai

Niko Kakoba, sebuleni kwa Yasiin. Saa nne na dakika kumi. Naandika kwenye goti. Wamenipa soda. Nje bodaboda zinapiga honi, mbuzi analia, wanawake wanacheka jikoni. Mbele yangu kuna meza: beseni, maji ya vuguvugu, kitambaa cheupe cha kupokelea nywele, wembe kwenye karatasi yake. Mpya. Siraje ameununua mwenyewe.

Yasiin amenitambulisha kwa wageni. "Huyu ndiye ile kijana pua safi!" Wakanipigia makofi. Nikainama kama mbunge.

Jana nilipita Kakiika. Nilikuwa nakwenda kumwambia. Nilimwona kwa mbali kati ya migomba, ameinama. Kwenye mti amening'iniza kopo la maji lenye tundu, na sabuni nyekundu kwenye uzi. Analima kidogo, ananawa. Analima kidogo, ananawa. Mikono imebabuka mpaka ikawa myeupe. Hakuniona. Nikarudi.

Rehemah yuko hapa na Zahara mgongoni. Nimeona kichwa. Fasi nne bila nywele, zinang'aa, kubwa kama vifungo. Ananiletea maandazi. Anasema kula, mwanangu, mkono usitetemeke.

Kidole kiko ndani ya plasta. Chini ya plasta kiko kama jana, na kama juzi. Nikikibonyeza usaha unatoka.

Ningeweza kusema naumwa tumbo. Ningeweza kukimbia, mlango uko wazi. Wangetafuta kinyozi mwingine, na Baudouin angebaki kule ananawa. Na mimi ningerudi Rwekubo kunyoa saba, nane, tisa.

Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya dosie. Ya Mama, ya Orpa. Lakini daktari alisema haihusu dosie, na vichupa vilikuwa mezani bado, na nikanyamaza. Kwa hiyo si dosie. Ni kwamba nilitaka pua safi iwe yangu. Basi, ni hilo tu.

Rehemah amekuja mlangoni. Amembeba mtoto wa Yasiin, amevikwa nguo ya kijani. "Prince, tuko tayari. Umeosha mikono?"

Nimesema nakuja. Sijasimama. Nimejaribu kusema lile jingine, mdomo unaosema kila kitu umekataa. Utosi wake unapumua. Nauona mpaka hapa.

Rehemah anajua kusoma. Anakuja tena, anauliza naandika nini. Naandika kwa herufi kubwa, asome hata akiwa amesimama:

NILIBADILISHA VIBANDIKO. BAUDOUIN NI SAFI. NAMBA KUMI NA TANO NI PUA YANGU